Picha Thelathini na Tisa za Bigijii

Jumanne, 5 Aprili 1983

Nimefua tena kwa majani ya mpapai, sabuni hakuna. Shati la baba halijatakata. Mikono inawasha. Tangu nijue sikuchaguliwa kwenda sekondari, kazi yangu ni kufua na kupanga foleni. Leo nimesimama dukani tangu asubuhi. Sukari iliisha wakiwa wamebaki watu wanne mbele yangu.

Nimerudi, nikapanga picha zangu kitandani. Picha za wachezaji mpira, zile zinazokuwa ndani ya bigijii, chingamu za Kenya. Zina namba, moja hadi arobaini. Ninazo thelathini na tisa. Nilianza darasa la tatu. Nyingi nilibadilishana. Namba thelathini na tatu niliipata kwa kumfulia mtu sare wiki nzima. Imebaki namba kumi na saba tu. Tabitha, binti wa shangazi kule Bunda, ameandika kwamba anayo ya ziada, ataituma. Kitu kimoja katika maisha yangu nitakimaliza.

Alhamisi, 7 Aprili

Msako umefika mtaani kwetu. Wanatafuta mali ya magendo. Mzee Mafuru wa duka la kona amechukuliwa kwa katoni za sabuni zilizokuwa chini ya kitanda. Mkewe amekaa barazani.

Wenye sabuni wengine wameitupa ziwani. Nilipokwenda kuteka maji mawimbi yalikuwa yanakuja na povu. Wanawake walichota kwa ndoo.

"Fanya haraka, mama, kabla ziwa halijajisuuza," mmoja alisema. Wakacheka kwa sauti ya chini.

Na mimi nikachota. Nimefulia shati la baba. Limetakata. Sikufurahi.

Ijumaa, 8 Aprili

Baba ni fundi cherehani. Uzi wake wote ni wa magendo kutoka Kenya, mwingine haupatikani. Leo ameutumbukiza chooni, boksi kwa boksi. Kisha akaanza kupekua nyumba nzima, anasoma maandishi kwenye kila kitu. Akafungua kopo langu la picha. Nyuma ya kila picha pameandikwa Nairobi.

"Nyanjura, hizi ulizipata wapi?"

"Shuleni, baba."

"Na wao wakikuuliza, utawajibu shuleni?"

Mama alisema, "Baba Nyanjura, hizo ni karatasi za watoto."

"Mafuru naye alisema ni sabuni ya kuogea."

Akasema kesho zisiwepo. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Nimemchukia. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia. Na ninaogopa. Wakimchukua, itakuwa kwa ajili ya kopo langu.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimezichoma. Kuni zilikuwa zimelowa mvua na mama alikuwa anabandika uji. Nilianza na namba moja. Zinawaka kwa moto wa kijani kwa sababu ya ile rangi yake ya kung'aa. Kipa mwenye kofia. Yule ambaye meno yake yamepishana. Thelathini na tatu, ya sare. Mama alikoroga uji bila kunitazama.

Zilikuwa thelathini na nane. Nimehesabu vibaya, moshi ulikuwa mwingi.

Nimemwandikia Tabitha asitume kitu.

Jumatatu, 11 Aprili

Walikuja. Balozi wetu wa nyumba kumi na mgambo wawili. Walipindua magodoro, wakachovya mkono ndani ya debe la unga. Kwenye cherehani hawakukuta kitu, hata sindano ilikuwa tupu. Mgambo mmoja akakitikisa kitabu changu cha nyimbo za kanisani. Picha ikaanguka. Namba ishirini na sita. Niliiweka alama ya ukurasa, sijui lini.

Baba alishika ukuta.

Mgambo aliiokota. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Akatabasamu.

"Huyu nilikuwaga namtafuta mwaka mzima. Zingine ziko wapi, dada?"

"Hakuna."

"Usininyime bwana. Mimi ninazo thelathini, tubadilishane."

Mwenzake akamcheka. "Tumekuja kukamata walanguzi, wewe unatafuta bigijii. Utamwandikia mkuu wa kituo nini? Twende."

Akaitia kwenye mfuko wa shati, akaifungia kifungo. Wakaenda nyumba ya pili.

Hakuna aliyeuliza habari za Nairobi. Baba hakula leo. Mimi nimekula, na nimeona aibu kwa kuwa na njaa.

Alhamisi, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Baba amekaa kwenye cherehani. Uzi hana, mteja hana. Nilikuwa namenya mihogo karibu yake.

Akauliza, "Namba moja alikuwa nani?"

Nilidhani ananidhihaki. Nikamtazama. Hakuwa anadhihaki.

Nikamwambia: mrefu, jezi ya njano, mkono kiunoni.

"Wa pili?"

Nikamwambia. Hajawahi kuniuliza chochote kuhusu picha zile, miaka yote. Tulikwenda hivyo, namba kwa namba, polepole. Kwenye kumi na moja nikakwama. Sura naiona, rangi ya jezi imenitoka. Baba alisubiri, mguu juu ya pedali, haikanyagi.

Nikasema nadhani ilikuwa nyekundu.

"Basi nyekundu," akasema. "Anayefuata?"