Siku Jua Liliponyamazisha Redio ya Bugwema

Mpendwa Mama Mdogo,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Watu wa Majita wanasema ulihamia visiwani. Wengine wanasema uko Sengerema kwa mdogo wako. Mmoja aliniambia kwa kujiamini kabisa kwamba ulikwisha kufa, nilipombana akakiri kuwa alikuwa anamfikiria mtu mwingine. Kwa hiyo nimeamua kuiandika wazi, na nimewaomba watu wa redio ya hapa Musoma waisome mchana, saa ileile ya matangazo ya vifo. Nakufahamu. Popote ulipo, kama bado unapumua, kuna redio karibu na sikio lako.

Ni mimi, Nyangeta, binti wa mume wako, yule uliyemkuta hana mama, na meno ya mbele pia hana. Sasa nina mvi, nafundisha jiografia sekondari huku Buhare. Nakuandikia kwa aibu. Nimetafuta neno lenye heshima zaidi nikalikosa.

Unaikumbuka ile redio? Baba aliinunua Bunda mwaka ule pamba ilipolipa, ukaishonea kitambaa chenye maua pembeni, ikawa imevaa vizuri kuliko sisi wote. Betri ndizo zilikuwa taabu. Duka la ushirika leo lina chumvi, kesho lina muuzaji anayesinzia mbele ya rafu tupu. Ndipo ukatufundisha kuanika betri. Unazipanga kwenye ungo kama dagaa, unazigeuza zikipata joto, jioni redio inaongea. Hata maduka ya Mwigobero, kule mwaloni Musoma mjini, yalipoanza kujaa tena vitu vya wafanyabiashara, sisi tuliendelea na ungo wetu. Vitu vilikuwa vimerudi, ila mifuko ya kijiji chetu cha Bugwema ilikuwa haijapata habari hiyo.

Nakumbuka usiku wa mwisho wa furaha yetu. Redio ilikuwa inapiga muziki wa dansi, nawe ukawa unasonga ugali huku kiuno kinakwenda na gitaa. Baba alikuwa amelala chali kwenye mkeka, mguu mmoja unapiga chini. Akasema, "Ongeza sauti, mama, na majirani nao wafaidi!" Ukaongeza. Mimi nilicheza mpaka nikaangusha kibuyu cha maziwa, na hakuna aliyenigombeza. Tulisikiliza sote, Mama Mdogo. Naomba wanaosikia barua hii waelewe hilo.

Kesho yake mchana Baba alikaa kwenye kigoda chake kusikiliza vifo. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa Mwanza kwa shangazi akitibiwa macho, na tangu aondoke Baba hakuwa anakosa matangazo yale hata siku moja. Ule muziki wa huzuni ukapigwa, msomaji akasoma jina la kwanza, halafu ikaja shiii. Baba akazungusha kitufe huku na huku. Shiii. Akaipiga kofi mgongoni, akazitoa betri, akaziuma kwa meno moja moja kama tulivyokuwa tunafanya wote, akazirudisha. Shiii.

"Mmezimaliza na ngoma zenu," akasema, lakini bado alikuwa anatania.

Jua lilipoanza kushuka redio ikaanza kuongea yenyewe, safi kabisa. Baba akacheka, akasema betri zimepumzika. Hakuna aliyeliwaza tena jambo hilo.

Baada ya siku kadhaa akapita yule muuza mitumba aliyekuwa anatokea Mwanza. Hata mzigo hakuutua. "Poleni sana na msiba wa mama," akasema. Baba akamuuliza, "Mama yupi?" Nikaona uso wa yule mtu ukibadilika, akatamani kama angeweza kurudi alikotoka. Bibi alikuwa amefariki. Mafuta ya gari hayakupatikana, mwili ukashindwa kuletwa nyumbani. Shangazi alikuwa amepeleka tangazo redioni, likasomwa mchana uleule wa shiii, likataja jina la Baba na kijiji chake, likasema wanamsubiri. Walimsubiri mpaka haikuwezekana tena. Wakamzika huko ugenini bila udongo wa mtoto wake wa kwanza.

Wewe unajua uzito wa jambo hilo kwetu. Mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutupa udongo, na asipoutupa watu huuliza mama huyu alizaa nini. Ndugu wa Mwanza walikuwa wamekwisha kusema kwamba Baba alisikia, akajikausha. Baba hakulia. Niliogopa zaidi kwa sababu hakulia.

Wazee wa ukoo wakaitwa. Nilikuwa nimejibanza jikoni nikichochea moto usiohitaji kuchochewa, nasikia kila kitu.

"Redio ilikuwepo?" wakauliza.

"Ilikuwepo."

"Kwa nini haikusema?"

"Betri ziliisha," Baba akasema.

"Nani alizimaliza?"

Baba alikuwa anatazama chini katikati ya miguu yake. Ilikuwa ni zamu yake kusema, na wewe ulimpa muda wa kutosha, nakumbuka ulimpa. Kisha ukasema, "Nilikuwa napigaga muziki usiku. Ni mimi." Hukusema ni nani aliyetaka sauti iongezwe. Ulimfunika mumeo mbele ya wazee wake, naye akakubali kufunikwa.

Wakakuambia uende kwenu ukapumzike. Kila mtu alijua mwanamke akiambiwa akapumzike huwa haambiwi lini arudi. Huko kisimani walikuwa wamekwisha kukupa jina, mke aliyemziba mama mkwe mdomo. Uchungu wa mkuki aujuaye ni aliyechomwa, na mimi nilikuwa mtoto wa kukubebea bakuli na kitenge tu.

Asubuhi nilikusindikiza mpaka Mwigobero kwenye mtumbwi wa injini wa kwenda kwenu Majita. Palikuwa na wachuuzi wa dagaa wakigombana, hakuna aliyetuangalia. Nilingoja useme jambo kubwa. Ukaninyoosha kola ya sare, ukasema, "Baba yako asikuudhi, amefiwa huyo." Ulipokwisha kupanda ukakumbuka kitu, ukapaza sauti, "Nyangeta! Betri ziko kwenye ungo. Uzigeuzege!"

Nilizigeuza siku hiyo. Kesho yake Baba aliifunga redio kwenye gunia, akaiweka juu darini, na nyumba yetu haikuwa na redio tena. Kisimani wasichana waliponicheka nikawaambia wewe si mama yangu. Neno hilo lilikuwa kweli kwa namna ya majina ya ukoo, na lilikuwa uongo kwa namna nyingine zote.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Mwaka huu nilikuwa naandaa somo la jua kwa kidato cha pili. Kitabu kinasema jua lina madoa meusi usoni, ambayo kwa miaka kadhaa huwa mengi, kisha hupungua, kisha huwa mengi tena. Yakiwa mengi, jua hulipuka mara kwa mara na kurusha tufani angani. Tufani hiyo ikiifikia dunia, dira hutikisika, na katika nchi za baridi anga huwaka rangi usiku na umeme huweza kukatika mji mzima. Hayo nilikuwa nayasoma kama unavyosoma mambo ya watu wengine. Halafu nikafika mahali panaposema kwamba mlipuko ukitokea, upande wa dunia wenye mchana redio za masafa mafupi, kama ile yetu, hunyamaza ghafla, zinabaki kuvuma tu, na baada ya muda hurudi zenyewe kana kwamba hakuna lililotokea. Na miaka ile ya mwisho ya themanini, ndipo Bibi alipofariki, inatajwa kuwa miaka ya madoa mengi mno.

Nilifunga kitabu. Nikasikia shiii ile masikioni mwangu, na safari hii nikaisikia vizuri. Ilikuwa na nguvu, Mama Mdogo. Betri iliyokwisha hunong'ona, hukokota maneno, hufifia mpaka kimya. Ile ilikuwa inavuma nyumba nzima.

Sikutaka kuamini kitabu peke yake, maana hakikuwepo Bugwema. Jumapili nikaenda kusali kijijini, na watu walipotoka kanisani nikamfuata Mzee Magesa, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Nikamuuliza kama anaikumbuka siku tulipokosa tangazo la Bibi.

"Nitaachaje kuikumbuka? Yangu pia ilikufa mchana ule," akasema. "Nilimtandika Juma wangu, nikijua ndiye alikuwa anaichezeaga."

"Mbona hukumwambia Baba?"

Akacheka kidogo, akaacha. "Mwalimu, siku zile nani alikuwa anatangazaga kwamba hana betri? Niliichukua hata nikaitembeza kwapani jioni, watu waone redio yangu ni nzima."

Mkewe akadakia kwamba hata ya katekista ilinyamaza, naye alimnunia mke wake juma zima. Redio zote za Bugwema, Mama Mdogo, zilikufa dakika ileile moja. Kila nyumba ikalaumu betri zake, ikamtafuta mtu wake wa kumgombeza, ikafunga mlango ili jirani asijue. Angetoka mtu mmoja tu akauliza, "Na yenu?" wewe ungebaki nyumbani. Umaskini tuliuonea haya kuliko tulivyouonea haya uonevu. Na walipokujadili wazee, kati yao walikuwepo watu ambao redio zao zilikuwa zimevuma vilevile, wakatikisa vichwa juu yako.

Siwezi kuapia mahakamani kwamba ni jua. Lakini kwamba hukuwa wewe, hilo naweza kuliapia popote.

Nilikwenda kumweleza Baba. Sasa ni mzee, hatembei mbali, anahesabiwa pamoja na miti ya uani. Nilimchorea jua kwa kijiti kwenye vumbi, nikaweka madoa, nikaweka dunia, nikaweka Bugwema. Alisikiliza akiwa amelitazama lile vumbi, kama alivyolitazama siku ile ya wazee.

"Na ya Magesa pia?" akauliza.

"Na ya Magesa, na ya katekista."

Akakichukua kile kijiti mkononi mwangu. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyesema aongeze sauti."

"Najua, Baba. Nilikuwepo."

"Na yeye alijua. Akanyamaza." Akalifuta lile jua kwa unyayo wake. "Nimewaangaliaje watoto wangu miaka yote hii?"

Ndilo swali nililokuwa najiuliza mimi juu yangu. Mimi pia nilikuwa najua ni nani aliyesema ongeza. Mtoto hasemi mbele ya wazee, sawa. Ila nilikua, nikasoma, nikawa mtu wa kusimama mbele ya darasa na kuongea siku nzima, na bado sikuwahi kulisema neno hilo moja mpaka kitabu kikanisaidia. Naona haya kwamba nilihitaji jua zima kukutetea, wakati palitosha kusema nilichokiona.

Sikuombi usahau. Wala sikuombi urudi kumpikia mtu. Nakuomba utume neno tu, kwa mtu yeyote ashukaye Mwigobero, aulize nyumba ya mwalimu Nyangeta wa Buhare. Nataka kuja kupiga magoti mlangoni kwako. Nataka pia twende Mwanza kaburini, wewe mbele, ukamwambie Bibi mwenyewe kilichotokea.

Jambo moja bado. Juzi Baba alinituma nikamnunulie betri mpya. Aliishusha redio yako kutoka darini, akaipangusa, na kile kitambaa cha maua akakifua kwa mikono yake mwenyewe, mimi nikiona. Akaweka betri, akaiwasha, ikaongea. Akaizima haraka. Nikamuuliza mbona hasikilizi.

Akasema, "Hizo si zangu. Mwambie aje asikilize mpaka ziishe. Nitanunua nyingine."

Kaa salama huko uliko, na ukisikia sauti hii ikikatika ghafla katikati ya mchana, tafadhali usizime.

Ni mimi mwanao,
Nyangeta