Habari Ambayo Daktari Hakuweza Kuisema

Mjukuu wangu Hodan,

Assalamu alaikum. Huku Garissa mvua imekawia, na ngamia wa mjomba wako wamepelekwa mbali. Mimi bado nameza dawa.

Umeniuliza kama kusomea udaktari kwa Kiingereza kutakusumbua ukirudi kufanya kazi nyumbani. Nakujibu kwa Kiswahili, maana Kisomali sikufundishwa kukiandika.

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi Wajir. Tuliletewa daktari kijana, Msomali, mzaliwa wa huko huko. Siku moja mama yake mdogo alimleta mumewe, figo zimekwisha. Daktari akanieleza yote kwa Kiingereza, kisha akasema, "Mwambie."

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

Akamsalimia vizuri kwa Kisomali, akamuuliza hali ya mifugo, halafu akakwama. "Sista, maneno haya sijawahi kuyasema kwa Kisomali," akaniambia. "Nimeyasoma tu."

Nikayasema mimi. Yule mama hakunitazama hata kidogo. Alimtazama daktari, akaniuliza polepole, "Mbona haongei na mimi? Nimemkosea nini?"

Mumewe alifariki wiki hiyo. Daktari akaomba uhamisho.

Basi ukija likizo, keti na mimi unieleze ugonjwa mmoja kwa Kisomali, mwanzo hadi mwisho. Ukikwama nitangoja. Anza na figo. Kuhusu zangu nimeelezwa kwa Kiingereza, na mama yako, ingawa wengine niliwaambia, bado sijapata maneno ya kumwambia.

Ayeeyo wako,
Halima