Mirihi ya Mama Otilia

Vicuña, Julai

Dada yangu mpendwa Edelmira,

Pokea salamu zangu kutoka bondeni. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Calama? Wasichana wameacha kugombana? Mimi mwili ni mzima, ila roho imenichafuka.

Baltazar, ambaye tumepanga kufunga naye ndoa Septemba, bado ana kile kituo chake cha darubini mlimani. Mwezi huu Mirihi, ile sayari nyekundu, haionekani. Iko nyuma ya Jua, inachomoza nalo na kuzama nalo, wala hakuna darubini ya kuitoa huko. Muungwana angewaambia wageni waje mwakani, Dunia itakapokaa kati yake na Jua, iwe karibu na iwake usiku kucha. Yeye huwaelekeza kwenye Moyo wa Nge, nyota nyekundu tu, na kusema ndiyo Mirihi. Nikilalamika hunicheka: "We Rosenda, nani amepanda mlima huu aje kuambiwa hakuna?"

Nilikuwa nayameza hayo. Lakini Jumamosi alikuja mama yake, Mama Otilia, kutoka Ovalle. Presha ya macho inammaliza, mwakani huenda asione kitu, na mwanawe alimwahidi Mirihi tangu kituo kikiwa msingi. Alipanda ngazi kwa kupapasa. Nilimnong'oneza Baltazar amwambie ukweli, amwonyeshe sayari ya Zohali, ambayo ilikuwa wazi pale juu. Akaielekeza darubini kwenye nyota yake ile ile. "Hiyo hapo, mamangu, Mirihi yako." Mama akamshika shavu, akamshukuru. Nilisikia kinyaa hata mkate niliokanda mwenyewe ukanishinda.

Sasa, dada, lile nililoshindwa kukwambia kwa simu. Asubuhi, tukinywa chai jikoni, nilimwambia Mama Otilia kwamba ile haikuwa Mirihi. Hakushtuka. Alisema alijua pale pale, maana Balta akidanganya huongea mbio, tangu utotoni, na marehemu baba yake alikuwa vivyo hivyo. Akanipapasa mkono kwa upendo. "Utazoea, mwanangu. Mimi nilizoea."

Kinyaa kikanigeukia mimi mwenyewe, kwa kuwa niliona nimeshaanza kuzoea. Kabla ya chakula cha mchana nilimrudishia Baltazar pete.

Kile kitambaa cheupe cha harusi ulichoninunulia, washonee wasichana nguo za komunyo. Wabusu wote, umsalimu shemeji, na unitandikie popote, nafika Alhamisi.

Mdogo wako akupendaye,
Rosenda