Mama Alipotoweka Kwenye Televisheni

Kaengesa,
Sumbawanga.
17 Juni 2001

Mpendwa kaka Teodori,

Shikamoo. Habari za Tanga, na za siku nyingi? Kifua cha wifi Jenifer kimepata nafuu? Shedrack ameshaanza shule? Huku baridi ni kali, asubuhi tunaota moto kabla ya kufanya lolote. Mama yuko hai. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Siandiki kutoka nyumbani. Tumejificha kwa masista hapa Kaengesa, na wanaojua ni wachache sana.

Nilikuandikia mwaka jana kwamba watu wa televisheni kutoka Dar walikuja kijijini kupiga picha za mchezo wa kuigiza. Unahusu viumbe wa nyota nyingine wanaoshukia Ufipa. Walimpenda Mama kwa ule uso wake, wakamfanya bibi wa nyota. Anasimama kilimani, ananyoosha mkono, ng'ombe anaanguka, kisha yeye anayeyuka kama moshi. Tulicheka siku nzima. Ng'ombe alikuwa wa jirani yetu Bundala, na Bundala mwenyewe ndiye aliyemfunga miguu na kuvuta kamba mpaka akalala. Mama alisimama kimya, wakamwambia atoke. Nikamshika mkono tukashuka, nao wakaendelea kupiga picha kilima kitupu.

Mwezi wa tano mchezo ukaonyeshwa. Eustace wa Matai ameweka dishi kwenye baa yake, basi Jumapili mchana kijiji kizima tukaenda. Mama alivaa kile kitenge ulichomletea. Kaka, kwenye kioo kamba haikuwepo. Macho ya Mama yalikuwa mekundu, yanawaka. Kisha akatoweka kama moshi. Nilipogeuka, watu hawakuwa wanatazama televisheni tena, walikuwa wanamtazama yeye. Waliokaa benchi letu wakahama mmoja mmoja.

Tangu hapo salamu zikakatika. Kisimani wanawake walisogea mbali wakamwacha achote peke yake. Halafu yule ng'ombe wa Bundala akaugua, akafa kweli.

Bundala alikuja asubuhi na wenzake, wameshika mapanga, na huu si msimu wa kufyeka. Aliyetuokoa ni mkewe, Kashinje, aliyekuja mbio akasimama mlangoni petu.

"Si wewe uliyevuta kamba?" akamfokea mumewe. "Viganja vilichubuka, nikakupaka mafuta mwenyewe!"

"Kamba niliivuta," Bundala akasema. Alikuwa analia, kaka, na machozi yale yalinitisha kuliko panga. "Mbona kwenye televisheni sikuiona?"

Wakaondoka, wakisema wanakwenda kuuliza kwa mganga kwanza. Mimi sikungoja mganga aseme nini. Nilimpandisha Mama lori la maharage, nikamfunika shuka usoni, tukaja huku. Polisi nimewaeleza. Wamenisihi nisimrudishe.

Alhamisi Kashinje alituma neno: nyumba yenu imechomwa, msirudi.

Nyumba tutajenga. Linaloninyima usingizi ni Mama mwenyewe. Hataki kutazamwa usoni, masista wakipita anainama. Jana tulikuwa tunachambua maharage, akaniuliza, "Valeria, siku ile kilimani nilishuka kwa miguu?"

"Ndiyo, Mama. Nilikushika mkono."

Akaacha kuchambua. "Mimi nimejiona nikiyeyuka," akasema. "Una hakika ni mkono wangu ulioushika?"

Nilimwambia nina hakika. Nikatoka nje, nikalia nyuma ya jiko.

Njoo umchukue, kaka. Mimi peke yangu siwezi tena. Ila kabla hujapanda basi, waulize majirani zako taratibu, bila kutaja jina la Mama, kama huko Tanga nako mchezo ule ulionekana. Kama waliuona, usimpeleke kwako. Tutafute pengine.

Nisalimie wifi Jenifer, Shedrack, na shemeji Beda akipita hapo. Mama anawasalimu nyote, ametaja kila jina. Mungu akulinde njiani, na akufikishe kwetu tukiwa bado wawili.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,

Valeria