Nitapanda Treni Yako Kutwa Nzima

Mpwa wangu dereva wa treni,

Salamu zikufikie huko ughaibuni. Huku mtaa mzima una wasiwasi: nikija kwako mwezi ujao, nani atawachomelea mageti? Hata rubani, nasikia, kaomba anirushe yeye mwenyewe. Mama yako anacheka, "Kaka, acha porojo!"

Picha yako nimeibandika karakanani. Kila mteja namwambia, "Mabehewa yote hayo yanamfuata huyu binti!" Na nimeapa: nitapanda treni yako asubuhi hadi jioni, niwatangazie abiria kwamba dereva wao ni damu yangu.

Ila mwanangu, niwekee mfuko wa plastiki. Mjomba wako, hata basi likikata kona mbili tu, hutapika.

Ni mimi,
Mjomba Fundi Mageti