Nanga ya Kichwa Chini

Jumatatu, 5 Mei

Nimefumua tena. Mara ya ngapi sijui, na sitaki kujua. Chai imepoa, maharage yameungua chini, na nanga yangu bado inafanana na mjusi aliyekanyagwa.

Kikundi chetu cha kufuma kinatengeneza blanketi. Kila mama kipande kimoja, kila kipande picha moja, zote za majini: samaki, mtumbwi, nyota, ndege wa ziwa. Uzi ni wa rangi moja tu, buluu. Picha inatokana na nundu. Fasi ya picha unafuma nundu, fasi ingine unafuma laini. Mwalimu Peace alisema ni kazi ya wanaoanza, hata mtoto anaiweza. Basi mimi sijafika hata utotoni.

Blanketi ni ya kikundi. Anayelazwa hospitali anaenda nayo. Akipona anairudisha, tunaifua, inangoja mwingine. Ile ya kwanza haikurudi. Mama Sifa alizikwa nayo mwaka jana, na hakuna aliyethubutu kuidai.

Zamu hii ni ya mama yangu. Kama atakubali kwenda. Hataki.

Alhamisi, 8 Mei

Mwalimu Peace amekuja kutoka Mbarara. Mke wa mwanajeshi, anakaa kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake ni cha huko: kila neno ni amri, na kila mama ni nyabo. Alitazama karatasi yangu ya vyumba vyumba, ile yenye mchoro wa nanga, akatazama kazi yangu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Nyabo, wewe nasoma hii kama barua! Kwenda, soma kutoka kulia. Kurudi, soma kutoka kushoto. Sindano nageuka, na wewe geuka!"

Kumbe ni hilo tu. Siku zote hizi nimesoma mistari yote upande mmoja. Niliona haya mbele ya wenzangu. Halafu nikafurahi. Kosa ukishalijua, nusu ya kazi imekwisha.

Jumamosi, 10 Mei

Mama amekataa tena. Daktari wa macho aliyepita hapa Base Camp, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, alisema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na inapasuliwa Mbarara. Wataanza na la kulia. Siku imewekwa, tarehe 28. Mimi nilidhani atapiga vigelegele.

"Sasa ninaona mwangaza wa mlango," akaniambia. "Bakikosa, nitabakia na nini?"

Nikapandisha sauti. Nilimwambia anaogopa bure. Nilimwambia mimi siogopi hata kidogo. Uongo mtupu. Naogopa kuliko yeye.

Jumanne, 13 Mei

Mama aliomba kipande changu. Akakilaza gotini na kupitisha vidole polepole, kama mtu anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto. Akauliza ni nini hii yenye kulabu. Nanga, nikasema. Akacheka sana. Kwetu Baraka, kule ziwani Kongo, nanga ilikuwa jiwe. Baba alilifunga kamba, akalitupa, pluu, kwisha. Hii ya kulabu ni ya bazungu, akasema.

Mara vidole vikasimama. "Hapa umeruka nundu moja."

Nikaangalia. Kweli. Mimi mwenye macho sikuiona. Nikafumua.

Ijumaa, 16 Mei

Leo amedai sindano. Nikampa. Zamani alifuma masweta ya nyumba yetu yote na ya majirani, na mikono haijasahau. Alianza vizuri, anaimba. Kisha vitanzi vikachomoka na yeye hakujua. Akaendelea. Sindano zilikuwa zinapishana hewani na uzi umelala kwenye mkeka.

Nilinyamaza. Nikachukia kunyamaza kwangu, nikamwambia vitanzi vimechomoka. Aliziweka sindano chini, moja pembeni ya ingine, akapangusa mikono kama amemaliza kazi. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo.

Jumapili, 18 Mei

Tumetoka kanisani. Mama amesimama mlangoni, hata kitambaa cha kichwa hajavua.

"Nimechoka kusoma na vidole. Twende huko Mbarara."

Basi. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kuwasha moto. Kipande kimekwisha jioni hii. Nanga ni nanga. Hakuna mjusi tena.

Jumatatu, 26 Mei

Tumeunganisha vipande leo. Mwalimu Peace hakuja, mtoto wake ana homa. Mvua ilipiga mabati mpaka tukawa tunasemeshana kwa kelele. Samaki walikaa vizuri, mtumbwi ukakaa vizuri. Ilipofika nanga, ugomvi. Juu ni wapi? Karatasi ilikuwa imeloa, haisomeki. Mimi nikasema pete inakaa chini, kulabu ziko juu, kama mtu anayeinua mikono kuomba Mungu. Sote ni watu wa ziwa, na sote tumekulia kwenye mawe ya baba zetu. Hakuna aliyewahi kuishika nanga ya chuma. Wakasema ni kipande chako, wewe njo unajua. Nikashona, kwa uzi wa mara mbili ili isiachie kamwe.

Jumanne, 27 Mei. Mbarara

Tumefika salama. Mama alishika mkono wangu njia nzima, na kucha zake zimeacha alama. Hospitali ni safi. Kitanda chake kiko karibu na dirisha.

Mwalimu Peace alikuja kutuona na chapati za moto. Alisimama miguuni pa kitanda, akatazama blanketi, akaweka mkono mdomoni.

"Banange! Nyabo, nanga yako iko kichwa chini! Pete nakaa juu. Hapo kamba nafunga."

Wagonjwa wote waligeuka. Nilitamani sakafu inimeze. Nikasema nifumue mshono sasa hivi, lakini uzi ule wa mara mbili haukukubali, na muuguzi alitaka kuzima taa. Nilimwambia Mwalimu Peace haidhuru. Inadhuru. Nanga ya kichwa chini haishiki kitu. Nimemkumbuka Mama Sifa na blanketi ile ya kwanza. Sipendi mawazo haya.

Mama alisikia yote.

Jumatano, 28 Mei

Wamempeleka asubuhi. Nilikaa kwenye benchi. Niliomba, nikasahau nimeomba nini, nikaanza upya.

Wamemrudisha. Pamba na plasta juu ya jicho la kulia. Nimemuuliza kama anaumwa. Hapana. Kama anaogopa. Akageukia ukuta.

Amelala, blanketi mpaka kifuani. Nanga iko juu ya magoti yake, miguu hewani, inanikodolea. Ninaichukia. Ningekuwa na mkasi ningeikata.

Alhamisi, 29 Mei

Nitaandika taratibu.

Muuguzi alimkalisha, akaweka mto mgongoni, akanyoosha blanketi. Mwalimu Peace alikuwa amefika, amesimama pale pale pa juzi. Plasta ikatoka. Mama alifumba jicho. Akafumbua. Akafumba. Machozi yakashuka upande mmoja.

Hakunitazama. Nilisimama pembeni yake kabisa na hakunitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia magoti. Nikajua imekwisha. Tumemnyang'anya hata ule mwangaza wa mlango. Mimi njo nilimsukuma.

"Ni nani alishona hii blanketi?" akauliza.

Akalipiga blanketi kwa kiganja.

"Samaki, kichwa chini. Nyota, siyo kitu. Mutumbwi, kichwa chini, batu bote bamekufa maji. Ni nanga peke yake njo imesimama muzuri."

Anaona. Yesu wangu, anaona! Na anagomba.

Mwalimu Peace alizunguka kitanda, akainama kichwa kwa kichwa na Mama, akatazama kutoka kwenye mto wa kulalia. Nilienda na mimi. Kweli bwana. Picha zote tulizipanga kwa ajili ya mgeni anayesimama miguuni. Mwenye kulala chini ya blanketi tulimsahau. Yangu tu ndiyo inamtazama mgonjwa, na ni kwa makosa.

"Iko sawa," Mwalimu Peace akasema. "Iko sawa kabisa." Mara ya kwanza kumsikia akisema kitu ambacho si amri.

Ndipo Mama akanigeukia. Akanitazama kwa muda, kutoka nywele mpaka ndala.

"Umekonda," akasema. "Na hiyo kitenge haikupendezi."

Nililia, nikacheka, makamasi na machozi pamoja. Muuguzi akaniletea kitambaa. Asante Mungu. Asante, asante. Hata hiyo kitenge nitaitupa.

Jumapili, 8 Juni

Nyumbani. Tumefua blanketi, iko kwenye kamba, upepo wa ziwa unaikausha. Wenzangu walikuja na mkasi kugeuza nanga. Mama akawafukuza. Kama mnataka kugeuza, geuzeni samaki. Wamekubali, wataanza wiki hii.

Jicho la kushoto bado linangoja zamu yake. Safari hii ni yeye anayeulizia siku.

Mchana huu amekaa mlangoni na sindano. Hana karatasi. Nimemuuliza anafuma picha gani, akasema jiwe na kamba, ili baba asikasirike. Anafuma polepole na anatazama kila kitanzi kabla ya kukiacha. Mimi nachagua maharage. Amenionyesha kijiwe nilichokiruka.