Nani Aliyemchongea Marivic

Herndon, Virginia
14 Novemba 2007

Mpendwa Dada Bupe,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Hujambo? Na shemeji, mguu wake unaendeleaje? Mvua za Tukuyu zimeshawachosha? Huku baridi imeanza kung'ata, lakini mimi na Gregori wangu tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Barua hii anakuletea Gwakisa, yule wa ubalozini. Nimeitia gundi, halafu nikazungushia na selotepu. Ukikuta imebanduliwa niambie, nijue na huyo ni mtu wa namna gani. Kwenye simu sikutaka kusema. Siku hizi simwamini mtu, Dada.

Unamkumbuka Marivic, Mfilipino wa ghorofa ya tatu niliyekuwa nikifanya naye kazi ya kutunza wazee? Yule aliyekufumia sweta ya bluu. Wamemrudisha kwao, yeye na mumewe Rodel. Viza zao ziliisha miaka mingi iliyopita, wakawa wanaishi kimyakimya, kazini na kanisani tu. Septemba watu wa uhamiaji wakawakamata hapa chini kwenye paking, wakishuka garini. Kufika Oktoba walikuwa Manila.

Watoto wamebaki kwangu. Krizia ana miaka kumi, Jomar mitano. Wamezaliwa hapa, pasipoti zao ni za Marekani, na lugha ya wazazi wao hawaijui zaidi ya majina ya vyakula. Marivic ameniomba nikae nao mpaka ajue la kufanya. Kule hana kazi, na huku hana ndugu.

Hao watoto, Dada! Jomar analala na viatu. Mlango ukigongwa anaingia kabatini, hata kama ni Gregori kasahau funguo. Krizia kazificha pasipoti zao mahali nisipopajua hata mimi, na kila gari geni likiegeshwa ananiuliza la nani. Tukiwa mezani ananitazama, nikimgeukia anainamia sahani. Nikasema moyoni, hata huyu ananishuku.

Mimi nilikuwa na swali moja tu: nani kawachongea? Maana wale walijua gari, walijua na saa. Nikamshuku Rosemary, yule Mkenya wa kazini. Julai aligombana na Marivic kwa sababu ya shifti, na alikuwa na tabia ya kuulizauliza makaratasi ya watu. Nikaacha kumsalimia. Halafu, Mungu anisamehe, nikawaambia akina mama wa ibada ya Kiswahili wajihadhari naye. Mdomo wangu unaujua. Wakaanza kumkwepa, akawa anakaa peke yake benchi la nyuma, na Jumapili mbili hizi hajaja kabisa.

Jumamosi nilipanda kusafisha nyumba ya Marivic ili nirudishe funguo. Sebuleni nikakuta boksi lao. Wafilipino wana desturi hiyo: wanaweka boksi kubwa, wanalijaza kidogo kidogo sabuni, nyama za kopo na chokoleti za ndugu zao, na likijaa ndipo wanaita watu waje walichukue lisafirishwe kwa meli. Hili lilikuwa nusu. Nikakaa palepale sakafuni.

Kwa sababu siku mbili kabla hawajakamatwa, wanaume wawili walinikuta mlangoni hapa chini. Makoti ya kawaida, adabu nzuri, wanamuulizia Marivic. Mimi nikajua ni watu wa boksi. Na sisi tulivyolelewa, mgeni humwelekezi kwa kidole, unampeleka. Nikapanda nao hadi ghorofa ya tatu, nikawagongea mwenyewe. Kimya. Basi nikawaambia warudi keshokutwa saa kumi, watawakuta wenyewe wakishuka kwenye gari jekundu. Tena nikawaambia karibuni sana!

Nani anaita watu waje kuchukua boksi lililo nusu? Rosemary wa watu hakusema kitu. Ni mimi, Dada. Ni mimi.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Jana nikamwita Krizia jikoni, nikamwambia yote. Hakulia. Alinijibu taratibu, kwa Kiingereza chake, kwamba anajua. Siku ile alikuwa ndani na mdogo wake, akachungulia kwenye kitundu cha mlango. Hakufungua kwa kuwa wamekatazwa. Lakini wazazi wake hakuwaambia kuwa kuna watu wamekuja, kwa sababu aliniona mimi nimesimama nao, akajua ni watu wazuri.

Akanishika mkono, akaniomba nisimwambie mama yake. Akasema, anti, kosa ni letu sote wawili. Miezi miwili mtoto anakula kwangu na neno hilo kifuani, mimi nadhani ananishuku, kumbe anajihukumu mwenyewe.

Kesho nakwenda kwa Rosemary kule Columbia Heights, anifungulie au asinifungulie. Jumapili nampigia Marivic. Nitamwambia ni mimi, peke yangu. Krizia sitamtaja. Akiamua kuwachukua wanawe, awachukue, lakini mtoto huyu hatabeba mzigo wangu.

Niombee, Dada. Nisalimie shemeji, mama mdogo Benadetha na Ezekiel na watoto wake wote. Mungu awafunike nyumba nzima, na mtu akigonga kwenu awe wa heri.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Edna